Leonard Mzeru na Bomba la Mto Lukwele

Baba Paroko, wazee wetu shikamooni, ndugu wa ukoo, majirani wa Lukwele Chini, na ninyi mliopanda kutoka Morogoro mjini kwa barabara ambayo kila mmoja wenu ameionja, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa ndugu zetu Waislamu, asalaam aleikum. Anayesimama mbele yenu ni Maneno, mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake Filomena, na karatasi hii amepewa na familia jana jioni baada ya mabishano ambayo wengi wenu mliyasikia mkiwa huko kwenye maturubai, maana nyumba zetu hazina siri. Walikuwapo waliotaka mwaka 1997 urukwe, wakisema msibani si mahali pa kufukua mambo, na alikuwapo Filomena, ambaye alisema kwamba mwaka huo ukirukwa basi historia nzima iachwe, tumzike kimyakimya kama mtu asiye na kwao. Filomena ndiye mkubwa wa ukoo sasa, kwa hiyo mwaka huo utasomwa. Nanyi watani, tunajua leo ni siku yenu, na wewe Bibi Semeni hilo koti la marehemu ulilolivaa tangu jana ni haki yako kumwigizia, ila tunakuomba usipite nalo mbele ya msomaji, watu wanacheka na Baba Paroko ana haraka.

Marehemu Mhandisi Leonard Stephano Mzeru alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 katika kitongoji cha Lukwele Juu, tarafa ya Matombo, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Stephano Mzeru, aliyekuwa seremala wa misheni, na Mama Paskalia, ambaye wote tuliokua hapa tulimwita Bibi hata kama hatukuwa wajukuu zake. Mtu akitaka leo kuona mahali kitovu cha marehemu kilipozikwa itambidi apige mbizi, kwa sababu Lukwele Juu yote iko chini ya maji ya bwawa, kuanzia kigango hadi migomba ya Bibi, na aliyeiweka huko ni marehemu mwenyewe. Alibatizwa katika misheni ya Matombo tarehe 24 Machi mwaka huohuo. Kwa wageni wetu wasiojua, sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi hushikwa na wanawake, kwa hiyo bonde lile lilikuwa la Bibi Paskalia na baada yake la Filomena, na Leonard alikuwa mjomba, yaani msemaji wa ukoo mbele ya watu na mbele ya serikali.

Kuna desturi moja ya ukoo huu ambayo lazima isemwe mapema, kwani bila hiyo mengine hayataeleka wala hayataeleweka. Kwetu, mtu akifa, maji ya kumuogesha huchotwa katika Mto Lukwele na mwanamke wa ukoo aliye karibu naye kuliko wote, mama akichotewa na binti yake, kaka akichotewa na dada yake, naye huchota peke yake, kwa mtungi, bila kusaidiwa kujitwisha. Hakuna anayelazimishwa. Anayechota anakuwa amesema mbele ya watu wote kwamba hana kinyongo na anayeondoka, na asiyechota naye amesema.

Marehemu alianza shule ya misheni mwaka 1954, akaendelea na shule ya kati, kisha sekondari mjini Morogoro kuanzia 1962 hadi kidato cha sita mwaka 1967, na likizo zote alirudi kwa miguu, akivuka mto mara kadhaa na viatu amevining'iniza shingoni, maana viatu vilikuwa ni kimoja cha kulia na kimoja cha kushoto tu, hakukuwa na akiba. Baada ya Jeshi la Kujenga Taifa alipata nafasi ya kusoma uhandisi wa maji nchini Romania, akaondoka Septemba 1969, na aliporudi mwaka 1975 alikuwa na shahada, tabia ya kula mkate na kitunguu kibichi, na hilo koti zito ambalo hata joto la Dodoma halikumfanya alivue. Bibi Paskalia alimwuliza huko Ulaya mito ikoje, naye alimjibu kwamba ipo mikubwa, ila mingine imetiwa kuta mpaka haina hata kaa. Bibi hakulisahau jibu hilo, kama tutakavyoona.

Alifanya kazi Wizara ya Maji, akachimba visima Shinyanga, akahamishiwa Dodoma mwaka 1977, na huko ndiko alikomkuta muuguzi kijana kutoka Upare aitwaye Witness, wakafunga ndoa tarehe 16 Septemba 1978, bibi harusi Mlutheri akikubali kufungishwa na padri kwa sharti kwamba nyimbo zichaguliwe na yeye. Mungu aliwajalia watoto wawili, Josephina aliyezaliwa mwaka 1980 na Godfrey mwaka 1983, na hapo watani walipata kazi ya miaka mingi, maana Waluguru tulisema watoto ni wa upande wa mama, Wapare wakasema watoto ni wa upande wa baba, ikawa kila upande unawasukumia wenzake, mpaka Bibi Paskalia alipokata shauri kwamba watoto wasiotakiwa na mtu atawachukua yeye. Mwaka 1984 marehemu alihamishiwa Morogoro, wakajenga Kihonda, na Witness akaajiriwa hospitalini mjini, wodi ya watoto.

Sasa bwawa. Mji ulikuwa unakua, viwanda vilikuwa bado vinatoa moshi, na kata za upande wa mashariki zilikuwa zikichota maji ya mabondeni ambayo ng'ombe angeyafikiria mara mbili, kwa hiyo serikali ikaanzisha Mradi wa Maji Lukwele na ikamteua marehemu kuuongoza. Kila ramani iliyochorwa ilionyesha bonde moja tu linalofaa, na bonde hilo lilikuwa la mama yake. Angeweza kujitoa, akamwachia mtu mwingine aje kutuhamisha, lakini alisema ni afadhali ukoo uhamishwe na mtu ambaye utaweza kumsuta maisha yake yote. Tarehe 9 Agosti 1986 aliitisha mkutano mbele ya kigango, akaeleza mpaka mwisho, na Bibi Paskalia hakuuliza habari ya nyumba wala fidia, aliuliza kitu kimoja, kwamba maji yote yakienda mjini, huku chini mto utakunywa nini, na kaa, na kambale, na magimbi ya wanawake yaliyo kandokando, na watu ambao hawajazaliwa.

Marehemu alieleza kwamba katika ukuta, chini kabisa, ataweka bomba ambalo kazi yake si kupeleka maji mjini bali kuyarudisha mtoni, mchana na usiku, masika na kiangazi, na kwamba bomba hilo litachorwa kabla ya lile la mji. Bibi akasema maelezo ameyasikia, sasa anataka neno. Marehemu alisimama, akavua koti, jambo ambalo wengi hawakuwahi kuliona, akasema, "Mama, mto huu hautakatika nikiwa hai." Kwa neno hilo ukoo ulitoa bonde. Makaburi yalihamishwa mwaka 1987 yakaletwa hapa Lukwele Chini, kwenye mteremko huu tuliokalia, makusudi ili wazee waendelee kusikia maji, na bwawa lilifunguliwa tarehe 2 Juni 1990 kwa ngoma na pilau, na jioni ile mji ukanywa maji safi.

Kwa miaka saba neno lilitunzwa, na haki ya mtu isemwe. Mto ulipungua unene lakini haukukatika, kambale waliendelea kupanda na maji ya vuli, matete yaliyoota kandokando ya bwawa marehemu alikataza yasifyekwe kwa kuwa ndege na samaki wadogo wana kwao, na wanawake wa hapa walipanda naye mikuyu kwenye kingo. Ofisini walipofundishwa siku za mageuzi kwamba watumiaji wa maji sasa waitwe wateja, yeye alisema vizuri sana, basi mto ndio mteja wa kwanza, na wakacheka wakidhani ni mzaha. Bomba la mto lilikuwa na sharti moja tu ambalo alilieleza kwa kila kijana aliyeajiriwa, kwamba valvu yake isifungwe kabisa hata siku moja, maana maji ya Uluguru hushuka na tope, na tope likikuta maji yametulia hukaa mbele ya mdomo wa bomba, bomba likiwa wazi linalisukuma taratibu, likifungwa tope linashika kama sementi.

Mageuzi hayo yalikuja na mengine. Mwaka 1993 mradi ulitolewa wizarani ukakabidhiwa Bodi ya maji ya mji, ikaambiwa ijiendeshe kibiashara, nusu ya wafanyakazi wakapunguzwa, na mjini viwanda vikawa vinafungwa kimoja kimoja au vinauzwa, na mtu aliyekuwa juzi anaendesha mashine unamkuta leo mlimani amekodi kishamba anapanda kabichi mpaka ukingoni mwa kijito, kwa sababu malori ya Dar sasa yananunua popote na watoto wake wanataka kula. Nani angemlaumu? Lakini udongo ulishuka, kila masika maji yakija mekundu zaidi, na marehemu alizunguka milimani akiwaomba watu waweke matuta, wengine wakamsikiliza, wengine wakamwambia akawaeleze waliowafukuza kazi.

Tumefika. Mwaka 1997 masika hayakuja, kilichokuja kilikuwa manyunyu ya kutimua vumbi, na kufikia Julai bwawa lilikuwa limerudi nyuma mpaka msalaba wa kigango cha zamani ukatokeza juu ya maji, watu wakawa wanakuja kuutazama. Mjini ulianza mgao, kisha Agosti kikaingia kipindupindu. Witness alirudi nyumbani kila siku na habari zilezile, watoto wawili kitanda kimoja, na wauguzi hawana maji ya kunawa mikono kati ya mgonjwa na mgonjwa, na familia inajua, kwa sababu yeye mwenyewe ameruhusu lisemwe, kwamba ndiye aliyemwuliza mumewe mezani kama kaa wa mtoni wana uzito gani. Bodi ikakaa, ikaamua bomba la mto lifungwe ili kila tone liende mjini. Marehemu alipinga, akaeleza habari ya tope, wakamwambia ni kwa wiki mbili tu.

Wako watu wema waliotaka tuandike hapa kwamba alilazimishwa. Hapana, ndugu zangu, hakuna aliyemshikia fimbo. Tarehe 8 Septemba 1997, siku ya Jumatatu, alipanda mwenyewe mpaka ukutani, akamwambia mlinzi akae pembeni ili jambo hilo lisiwe mikononi mwa mtu mwingine, akazungusha gurudumu la valvu mpaka mwisho. Kisha akapanda gari akarudi mjini kwa barabara inayopita hapo juu, nyumba ya dada yake inaonekana, nyumba ya mama yake inaonekana, na hakusimama kutuambia. Hilo la kutosimama Filomena amesema liandikwe peke yake. Alipita, hakusimama.

Na mji ulipata maji. Hilo nalo lisomwe kwa sauti ileile, kwani hapa wamekaa watu ambao watoto wao walikuwa katika wodi ile na leo wanasoma sekondari, na Witness anasema mwisho wa mwezi ule ndipo alipolala usiku mzima kwa mara ya kwanza. Sisi huku kwanza hatukuelewa, mto ulishuka kwa siku chache ukawa madimbwi, watoto wakaingia na vikapu wakaokota kambale wakishangilia, watu wakala samaki mpaka wakakinai, halafu samaki wakawa wengi kuliko walaji, ikaanza harufu. Magimbi yakawa ya njano. Wanawake wakawa wanachimba mchangani wanakaa kusubiri kikombe kijae.

Wiki mbili zilipokwisha marehemu alikwenda kufungua, gurudumu likazunguka vizuri, maji hayakutoka. Alizungusha tena akafunga, akafungua, akagonga bomba kwa nyundo, na mlinzi wa siku hizo anasema alimwona mhandisi amelala kifudifudi juu ya zege, sikio limeegemea bomba, akisikiliza. Lilikuwa limeshika tope, kama yeye mwenyewe alivyokuwa akiwafundisha vijana. Alijaribu kwa pampu, alijaribu kwa vyuma virefu, na siku zote hizo bado hakushuka kutuambia, alikuwa anangoja afungue kwanza ndipo aje na habari njema.

Bibi Paskalia alifariki tarehe 11 Oktoba 1997, kwa uzee, akiwa amelala, na tusimzulie mtu, hakufa kwa kiu. Filomena alichukua mtungi wa mama yake, akashuka mtoni peke yake kama inavyotakiwa, na akakuta mchanga. Akaufuata mto kwenda chini, akapita dimbwi la kwanza lenye samaki waliooza, akapita la pili, waombolezaji wamekaa, jua limepanda, na aliporudi mtungi ulikuwa mtupu, ameubeba kwa mkono kwa sababu hakukuwa na cha kujitwisha. Wakati huohuo, na hapa ndipo mtu unamwonea huruma marehemu hata kama hutaki, muungurumo ukasikika barabarani, na Leonard akaingia na boza la Mradi, lori zima la maji safi, aliyoyaomba kwa wakubwa wake kwa ajili ya msiba wa mama yake, akidhani analeta msaada. Alishuka akiwa na uso wa mtu aliyefanya angalau kitu kimoja sawasawa.

Filomena aliuweka mtungi chini katikati ya watu, akasema, "Umetuletea mto wetu kwenye boza, Leonard." Kisha akasema la pili, taratibu, bila kulia, "Siku yako ikifika, mimi sitachota." Bibi aliogeshwa kwa maji ya bomba, wa kwanza katika ukoo huu, akazikwa pale mnapoona mkuyu mdogo, na marehemu alisimama mbali na kaburi, upande wa wakwe.

Mwezi uliofuata ikaja Elnino, mvua ambayo haihitaji maelezo kwa mtu yeyote mwenye umri wa kuwa na akili, maji yakapita juu ya ukuta, mto ukaunguruma ukachukua mashamba na daraja, lakini bomba lilibaki limeziba, na marehemu hakupumzika, akaleta wapiga mbizi kutoka Dar es Salaam, wakachimba tope gizani chini ya maji, mpaka tarehe 23 Mei 1998 likafunguka. Wiki iliyofuata alipanda na fundi wa kuchomelea na jenereta, akaamuru gurudumu la valvu lichomelewe, lifungike kidogo ikibidi, lakini lisiweze tena kufungwa kabisa na mkono wa mtu yeyote, wake ukiwemo. Bodi ilimwita ajieleze, akajieleza kwa ufupi, na tarehe 1 Februari 1999 akastaafishwa kwa manufaa ya umma, umma ambao nusu yake ulikuwa unanywa maji yake na nusu nyingine hausemi naye.

Tangu hapo kila Jumamosi alipanda Lukwele. Alipita kwanza kwa wakulima wa kabichi kuwasaidia kupima matuta, akapanda miti kwenye kingo, mchana akaja kwa dada yake, na Filomena alimpokea, akamwandalia ugali, mboga, hata kuku ikiwa sikukuu, akamnawisha mikono kama mgeni yeyote, lakini maji ya kunywa hakumpa. Alikula pakavu. Mpwa wake mmoja, ambaye hatajwi kwa kuwa ndiye anayesoma, siku moja alimletea kikombe, na Filomena alikichukua mkononi mwake akawamwagia kuku. Marehemu hakulalamika, alimaliza kula, akasema asante dada, akashuka mpaka mtoni, akainama na koti lake akanywa kwa viganja, kisha akarudi mjini. Ikawa hivyo kwa miaka mitano, na kama kuna mtu anadhani ni jambo dogo, akajaribu kula ugali wa dada yake bila maji kila Jumamosi.

Na hawa ndio watu wawili waliokuwa upande mmoja bila kuambiana. Kiangazi cha mwaka 2003, bwawa lilipopungua tena, walikuja mafundi wa Bodi na msumeno wa chuma kukata ile sehemu iliyochomelewa, wakakuta wanawake wa Lukwele Chini wamekaa juu ya gurudumu na kulizunguka, wanamenya magimbi, na Filomena katikati, akawakaribisha wale vijana wakae wale. Walikula, wakarudi na msumeno wao. Mji ukapata mgao, ndoo zikapangwa foleni, na wapo hapa waliopanga foleni hizo na kumtukana marehemu kwa jina, kisha leo wamepanda mlima kuja kumzika, Mungu awalipe. Marehemu alipohadithiwa habari ya magimbi alikuwa tayari mgonjwa, alicheka mpaka akakohoa, akauliza kama dada yake alisema chochote juu yake, akaambiwa hapana.

Ugonjwa ulianza Februari 2003 kwa kuvimba miguu, ikagundulika ni figo, na madaktari wakamwekea kipimo cha maji, kikombe asubuhi na kikombe jioni, naye akawaambia wauguzi kwamba sasa na yeye yuko kwenye mgao. Alilazwa na kutolewa mara nyingi, na mara ya mwisho alilazwa tarehe 2 Oktoba mwaka huu. Filomena alishuka mjini kumwona, akampelekea ndizi mbivu na magimbi ya kuchemsha, akakaa naye mchana mzima wakizungumza mambo ya utotoni, na hakuna aliyetaja maji. Ijumaa, alipoona hali inabadilika, marehemu alimwita mkewe, akasema, "Msimwombe Filomena. Alisema mbele ya watu, asilazimike kurudisha neno kwa ajili yangu. Mnioshe kwa maji ya bomba, nimeyajenga mwenyewe." Alifariki Jumapili tarehe 17 Oktoba 2004, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, na ameacha mjane, watoto wawili, dada mmoja, na mto.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa mwaka mmoja na nusu, walioukubali utani wake hata siku ambazo dawa zilikuwa hazipo, inawashukuru majirani wa Kihonda kwa gari na kwa sufuria, wafanyakazi wenzake wa zamani wa Mradi, wakiwemo wale wawili wa Bodi ambao tumewaona wamekaa nyuma na tunawaambia sogeeni mbele, hapa hakuna kesi, inawashukuru wakulima wa kabichi walioleta mzigo mzima wa chakula, wanakwaya, vijana waliochimba kaburi katika ardhi ngumu ya kiangazi, na watani, ambao wamelala kaburini tangu alfajiri na wamekubali kutoka.

Amebaki mmoja. Jana maiti ilipopandishwa, Witness alitii neno la mumewe, akaja na madumu ya maji ya bomba kutoka Kihonda, yakapangwa pale ukutani mnapoyaona, na hakuna aliyemwomba Filomena kitu, hata kwa macho. Asubuhi hii kulipopambazuka Filomena alitoka ndani na mtungi wa mama yake, uleule, akapita katikati ya watu waliolala uani, akashuka peke yake. Leo ni katikati ya Oktoba, mwezi uleule, vuli haijanyesha, na mkinyamaza kidogo mtausikia mto hapo chini, mwembamba lakini unasema. Hakukawia. Alipanda amejitwisha, maji yanamchuruzika begani, magoti yake yana miaka sitini na moja na hakuna aliyethubutu kumsaidia, akautua mtungi mlangoni mbele ya Witness, akavuta pumzi, akayatazama madumu, akasema, "Wifi, hayo mwagia migomba."

Akaingia ndani. Mjomba ameogeshwa kwa maji ya Lukwele.

Mhandisi, mwana wa Paskalia, kaka wa Filomena, pumzika kwa amani, na bomba liko wazi.